DAFTARI KABLA YA MWIKO

Mtu asafiriye kwa barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, kupitia Waa, Tiwi, Ukunda na Msambweni, huona jambo moja linalorudiwa kila baada ya mwendo mfupi. Katikati ya minazi na mikorosho zimesimama kuta za mawe zisizo na paa. Mahali pengine majani yamekwisha kuota ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa sebule, na mpapai umechomoza mahali palipopaswa kuwa na mlango. Mwenye nyumba hakufa wala hakuhama. Fedha zimemwishia njiani.

Wapita njia husema, "Maskini, uwezo wake umekoma hapo." Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi atazamaye kwa makini huona kwamba fedha zilizotumika zingetosha kumaliza nyumba ndogo iliyo nzuri. Zilipotea kidogo kidogo: mifuko michache ya saruji huku, lori moja la mchanga mbaya kule, ukuta uliojengwa ukavunjwa, ukajengwa tena. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari," na hakuna mahali ambapo maneno hayo yanaonekana kuwa kweli zaidi ya kwenye kiwanja cha ujenzi.

Wajenzi wengi hudhani kwamba kuchunga gharama ni jambo moja na kuchunga ubora wa kazi ni jambo lingine. Kwa hakika mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Mwenye kupima kila kitu kabla ya kukilipa huokoa fedha zake na nyumba yake kwa wakati ule ule. Na mwenye kuacha kupima hupoteza vyote viwili, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyumba hufunikwa mara tu ijengwapo. Msingi hufunikwa na udongo, vyuma hufunikwa na zege, na mawe hufunikwa na plasta. Kilichofunikwa hakikaguliwi tena.

NYUMBA YA ZAMANI NA NYUMBA YA SASA

Zamani Mdigo aliyetaka nyumba alikata nguzo na fito, akazifunga kwa kamba, akakandika udongo, na kuezeka kwa makuti yaliyoshonwa na watu wa nyumbani mwake. Ndugu na majirani walimsaidia, na gharama yake kubwa ilikuwa chakula cha wasaidizi. Kosa likitokea halikumfilisi mtu. Nguzo ikiliwa na mchwa ilitolewa, ikatiwa nyingine.

Nyumba ya mawe si hivyo. Kwa mkulima au karani, ndiyo matumizi makubwa kupita yote atakayoyafanya maishani mwake. Kosa lililomo ndani yake halitolewi kama nguzo.

Hata hivyo, ujenzi wa mawe si mgeni katika pwani hii. Huko Diani, penye mlango wa Mto Mwachema, umesimama Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita, na hata leo watu husali ndani yake. Waliouweka hawakuwa na saruji ya kiwandani wala vyuma. Walikuwa na mawe ya pwani yao, waliyoyajua tabia, na kuta nene. Mjenzi wa leo ana vifaa vingi zaidi, lakini vingi kati ya hivyo haviipendi chumvi ya bahari. Kwa sababu hiyo anahitaji uangalifu zaidi kuliko wazee wale.

KWANZA KIWANJA NA KARATASI

Gharama kubwa kuliko zote ni kujenga katika ardhi isiyokuwa ya mjenzi. Katika Kwale, ambako magomvi ya ardhi ni ya siku nyingi, yafaa mnunuzi aende kwenye ofisi ya msajili wa ardhi ahakikishe jina lililo katika daftari la serikali, kisha apate mpima aliyesajiliwa amwonyeshe mawe ya mipaka. Mapatano ya kununua ardhi sharti yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, hapana budi kupata pia kibali cha Bodi ya Ardhi. Maneno ya mdomo, hata yakisemwa mbele ya wazee, hayamlindi mtu mbele ya hakimu kama karatasi imlindavyo.

Baada ya hapo huja ramani. Kwa Sheria ya Mipango ya mwaka 2019, hakuna ruhusa ya kujenga bila kibali cha serikali ya kaunti, na avunjaye sheria hiyo aweza kutozwa faini au kufungwa, na nyumba yake yaweza kuamriwa ibomolewe. Tena ipo Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo huandikisha wakandarasi na kazi za ujenzi. Kanuni mpya za ujenzi za mwaka 2024 zilichukua mahali pa zile za mwaka 1968. Wako watu wanaoyaona mambo haya kuwa ni usumbufu wa ofisini. Lakini ramani iliyochorwa na mtu aliyesomea kazi hiyo ndiyo mwanzo wa hesabu. Pasipo ramani hapana vipimo, na pasipo vipimo fundi ndiye atakayesema nyumba inataka mifuko mingapi.

HESABU YA NYUMBA

Chukua mfano wa karani wa Msambweni atakaye kujenga nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Amejiwekea akiba kidogo, na chama chake cha akiba kimekubali kumkopesha shilingi 600,000 kwa faida ya moja katika mia kila mwezi. Mwanzoni faida peke yake ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Kila mwezi ambao kazi itasimama kwa kungoja mchanga au kwa kugombana na fundi, shilingi 6,000 zitaondoka bila jiwe moja kuongezeka.

Karani huyu asiende dukani kwanza. Akae na karatasi. Sakafu yake ya zege, yenye unene wa sentimita 10, ni mita 10 mara 8 mara sehemu moja ya kumi ya mita, yaani mita 8 za ujazo. Zege ya sakafu mara nyingi huchanganywa kwa saruji sehemu moja, mchanga sehemu mbili na kokoto sehemu nne. Kwa mchanganyiko huo, mita moja ya ujazo hutaka mifuko sita na theluthi hivi ya kilo 50. Kwa hiyo sakafu yote yataka mifuko 51, au 53 pamoja na ile imwagikayo. Mchanga ni mita tatu na nusu za ujazo, na kokoto ni mita saba.

Hesabu hii yamlinda pande zote mbili. Fundi akisema sakafu yataka mifuko 80, karani atajua kuna mifuko inayotafuta njia ya kutoka kiwanjani. Na fundi akijisifu kwamba ameimaliza kwa mifuko 30, karani asifurahi. Hakuokolewa kitu. Ameuziwa sakafu ya mchanga itakayochimbika chini ya miguu ya meza.

Kuta ni vivyo hivyo. Nyumba hii ina mzunguko wa mita 36. Ukuta wa nje ukiwa na kimo cha mita tatu, ni mita za mraba 108. Akitoa mita 15 za milango na madirisha, zabaki 93. Akitumia matofali ya saruji yenye urefu wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 20, kila mita ya mraba yataka matofali kumi na mawili na nusu, kwa hiyo kuta za nje zataka kama 1,160. Akiongeza matano katika mia kwa yatakayovunjika, ni 1,220. Akipenda mawe ya matumbawe, na apime jiwe analouziwa, afanye hesabu kwa njia hiyo hiyo.

Kazi hii ikiwa kubwa kuliko elimu ya mwenye nyumba, yuko mkadiriaji majenzi, ambaye kazi yake ni kuandika orodha ya vifaa na kazi yote tangu msingi hadi rangi. Malipo yake huonekana mengi siku ya kwanza. Lakini orodha yake ndiyo mizani itakayotumika miezi yote ya ujenzi. Na baada ya hesabu yote kukamilika, mjenzi mwenye busara huongeza kumi katika mia kwa mambo yasiyojulikana. Huenda msingi ukakuta pango ndani ya mwamba wa matumbawe, au bei ya mafuta ikapanda na nauli ya lori ikapanda nayo.

Ikiwa jumla imeushinda mfuko wake, wakati wa kupunguza ni sasa, nyumba ingali karatasini. Vyumba viwili vilivyokwisha kuezekwa vyafaa kuliko vyumba sita visivyo na paa. Msanifu aweza kuchora nyumba itakayoongezwa chumba baadaye bila kuvunja kilichojengwa.

MAPATANO NA FUNDI

Watu wengi hupatana na fundi chini ya mti, wakapeana mikono, na habari ikaishia hapo. Baada ya miezi miwili kila mmoja anakumbuka maneno yake. Yafaa mapatano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari la shule. Yaseme ni kazi gani itakayofanywa, nani ataleta vifaa, nani ataleta maji, nani atalipa vibarua, kazi itakwisha lini, na malipo yatatolewa katika hatua zipi.

Malipo yafuate kazi, wala yasiitangulie. Desturi nzuri ni kugawanya kazi katika hatua: msingi na sakafu, kuta hadi mkanda wa zege uliopo juu ya milango na madirisha, ambao mafundi huuita linta, paa, plasta, na mwisho milango, madirisha na rangi. Hatua ikaguliwe, ndipo ilipwe. Fundi akitaka fedha za chakula cha wiki apewe kiasi cha kazi aliyokwisha kuifanya, na ziandikwe. Fundi aliyelipwa yote mapema, mara nyingi huonekana kwenye kiwanja cha mtu mwingine, Diani au Ukunda.

Tena inafaa kuzuia sehemu ndogo ya malipo, kama kumi katika mia, mpaka baada ya kazi kwisha. Katika pwani hii muda wa kuzizuia haukosi kujulikana: ni mpaka masika ipite. Paa lisilovuja katika mvua ya Mei ni shahidi kuliko maneno ya fundi. Jambo hili liandikwe katika mapatano tangu mwanzo, na fedha zilizozuiwa zilipwe kwa uaminifu kazi ikionekana njema. Mwenye nyumba anayedhulumu fundi hujenga sifa mbaya, na sifa hiyo itamngoja atakapotaka kujenga tena.

Kiwanjani pawe na daftari moja. Kila jioni liandikwe vitu vilivyoingia, vilivyotumika na vilivyobaki, pamoja na majina ya vibarua waliofanya kazi. Mifuko mitupu ya saruji isitupwe, ihesabiwe. Karani wa mfano wetu arudipo kutoka ofisini aweza kuuliza kwa upole, "Fundi, asubuhi nimekuachia mifuko 12, na stoo haina kitu. Mbona mitupu ni tisa?" Fundi mwema hatachukia. Atajibu, "Bwana karani, mitatu imeloa kwa umande, nimeitenga pale, njoo uione." Swali lililoulizwa siku ile ile lina jibu. Swali lililoulizwa baada ya mwezi huleta ugomvi tu.

VIFAA NA CHUMVI YA BAHARI

Mawe ya matumbawe yachimbwayo nchi kavu ni zawadi ya pwani, lakini hayalingani. Jiwe zuri likigongwa hulia kwa sauti kavu, na pembe zake hazimeguki mkononi. Jiwe baya lina mashimo yaliyojaa udongo, na likikwaruzwa kwa msumari hutoka unga mwingi. Aidha mawe yaliyokatwa vibaya, hata yakiwa rahisi, hula saruji nyingi ya kuyasawazisha. Mara nyingi urahisi wa jiwe huishia katika bei ya chokaa na saruji iliyojaza mapengo yake.

Mchanga ndio unaodanganya watu wengi. Mchanga wa ufuoni ni mweupe, uko karibu, na huonekana safi. Lakini umebeba chumvi, na chumvi ikiingia ndani ya zege huozesha chuma. Chuma kikiota kutu huvimba, na kikivimba huipasua zege kutoka ndani. Ndiyo sababu nyumba nyingine karibu na bahari huonyesha nyufa zenye rangi ya kutu kwenye nguzo na linta ilhali bado ni changa. Mchanga wa mto au wa machimbo ndio ufaao. Huo nao ujaribiwe: utiwe nusu ya chupa nyeupe, ujazwe maji, utikiswe sana, uachwe utulie kwa saa chache. Matope yatakaa juu ya mchanga kama tabaka. Tabaka hilo likikaribia sehemu moja katika kumi ya kimo cha mchanga, lori hilo lirudishwe au mchanga uoshwe kwanza.

Maji nayo yana sheria nyepesi: maji yafaayo kunywewa yafaa kuchanganya zege. Visima vingi vilivyo karibu na ufuo vina maji ya chumvi. Maji hayo yasitumike mahali palipo na chuma.

Saruji inunuliwe karibu na siku ya kazi, kwa maana hewa ya pwani ina unyevu, na mfuko uliokaa muda mrefu hupoteza nguvu. Iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya paa. Mfuko wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole usitumike katika msingi wala linta. Mawe na mchanga haviozi, basi mtu wa mshahara anayetaka kununua kidogo kidogo kila mwezi na aanze na hivyo, saruji aiache mwisho.

Mabati yana nambari zinazowachanganya wengi. Kadiri nambari ya geji inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Karibu na bahari bati jembamba lenye rangi hafifu huliwa na kutu upesi, na misumari isiyopakwa zinki hutangulia kuoza kabla ya bati lenyewe. Mnunuzi aangalie alama ya Shirika la Viwango la Kenya na nambari ya geji iliyopigwa juu ya bati, asikubali maneno ya muuzaji peke yake.

Kwa mbao za paa, boriti za mikoko hazikatwi bila idhini ya Shirika la Misitu. Huko Gazi wanakijiji wenyewe huilinda mikoko yao chini ya mpango wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Lakini mivinje hupandwa mashambani Kwale kama zao, na nguzo zake hupatikana kwa halali. Mti wowote upakwe dawa ya mchwa kabla ya kupandishwa, si baada ya mchwa kuonekana.

KUKAGUA KABLA YA KUFUNIKA

Siku ya kuchimba msingi, mwenye nyumba awepo. Msingi ufike kwenye mwamba au udongo mgumu. Palipo na mwamba wa matumbawe, sakafu ya mtaro igongwe kwa mtaimbo kila hatua, kwani mwamba huo una mapango, na sauti ya pango ni tofauti na sauti ya jiwe zima. Palipo na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, ushauri wa mhandisi si anasa.

Pembe za nyumba hupimwa kwa kamba. Pimwa mita tatu upande mmoja wa pembe na mita nne upande wa pili: umbali kati ya alama hizo mbili sharti uwe mita tano kamili. Usipokuwa tano, pembe imekwenda upande, na kosa hilo dogo litaonekana tena juu, wakati mabati yatakapokataa kulingana na ukuta.

Kuchanganya zege kusipimwe kwa wilbaro, maana wilbaro moja hujazwa kilima na nyingine huja nusu. Seremala atengeneze sanduku lisilo na tako, lenye urefu wa sentimita 40, upana 35 na kina 25. Sanduku hilo hubeba lita 35, kiasi kilicho karibu sawa na mfuko mmoja wa saruji. Kwa zege ya sakafu, mfuko mmoja huenda na masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto. Maji yawe kati ya lita 25 na 30 kwa kila mfuko, na yapunguzwe mchanga ukiwa umeloa. Vibarua hupenda maji mengi kwa kuwa zege nyepesi humwagika kwa urahisi. Lakini kila debe la ziada huondoa nguvu.

Vyuma vikaguliwe kabla zege haijamwagwa, visiguse mbao za chini wala za ubavuni. Vitegwe vijiwe vidogo vya saruji ili zege ivizunguke pande zote. Karibu na bahari unene wa zege unaofunika chuma usipungue sentimita 4. Huo ndio ngao yake dhidi ya chumvi.

Zege ikisha mwagwa haikauki kama nguo. Hukomaa kwa maji. Kwa siku saba, angalau, inyweshwe asubuhi na jioni, au ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa. Upepo wa kaskazi na jua la Februari huiba maji hayo upesi. Nguvu yake hukadiriwa kwa siku 28, na kwa kazi kubwa hutengenezwa vipande vya zege vya sentimita 15 kila upande, vikavunjwa kwa mashine katika maabara siku ya saba na ya 28. Mihimili isiondolewe chini ya zege ya juu kwa sababu tu seremala anaitaka mbao yake kwingine.

Kuta zijengwe kwa timazi na pimamaji, na mwenye nyumba ajifunze kuvisoma. Si elimu kubwa. Jiwe likipanda lisikae juu ya ungio la chini yake. Ukuta uliojengwa vibaya uvunjwe siku hiyo hiyo, chokaa ikiwa mbichi. Kuvunja safu mbili leo ni kazi ya saa moja. Baada ya plasta ni kazi ya wiki, na bei yake ni ya nyumba nyingine.

MAJIRA, CHOO NA KISIMA

Masika huanza Machi au Aprili, na mvua huzidi Mei. Achimbaye msingi wakati huo huchota maji mtaroni kila asubuhi, akilipa vibarua kwa kazi isiyojenga kitu. Aanzaye baada ya mvua, Julai au Agosti, hupata muda wa kuinua kuta, kuzilinda katika vuli, na kuliezeka paa kabla ya masika nyingine. Fedha za paa ziwekwe kando tangu siku ya kwanza, kwa sababu nyumba zilizoonekana barabarani zilisimama hasa hapo, kati ya kuta na paa.

Choo hupangwa mwisho na watu wengi, lakini mwamba wa matumbawe una nyufa nyingi, na maji machafu hupita ndani yake upesi kufika kisimani. Shimo la choo liwe mbali na kisima, si chini ya mita 30, na liwe upande ule ambao maji ya ardhini huelekea, si upande yatokako. Fedha zilizookolewa kwa kufupisha bomba zaweza kulipwa tena hospitalini Msambweni.

SI AIBU KUULIZA

Wako wanaoona haya kumkagua fundi, hasa akiwa mtu mzima au ndugu wa mke. Wakumbuke usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati nyumba ya ghorofa sita ilipoanguka Huruma, Nairobi, katika mvua kubwa, ikaua watu zaidi ya 40. Wapangaji waliolala humo hawakupewa nafasi ya kupima zege wala msingi. Walioweza kupima ni wengine, na wakati wa kupima ulikuwa umepita.

Nyumba ya chini ya karani wa Msambweni haina ghorofa sita, lakini watoto wake watalala chini ya linta ile ile aliyoacha kuikagua au aliyoikagua. Fundi aliye bora hufurahi kuona mwenye nyumba mwenye daftari, kwa maana daftari hilo humtetea yeye pia siku saruji itakapopotea na kibarua mwingine ndiye aliyeichukua.

Basi siku atakapohamia, mwenye nyumba asilichome daftari. Alihifadhi pamoja na ramani, vibali na risiti. Masika ya kwanza ikinyesha, na azunguke kila chumba akiwa na taa, atazame dari, pembe za madirisha na kuta za upande wa kusi. Pakiwa pakavu, fundi aitwe alipwe kilichobaki, na majirani waelezwe jina lake. Paonekanapo ufa, uandikwe na uzibwe wiki hiyo. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na ukuta wa pili hakuna chama cha akiba kinachoukopesha kwa furaha.